Kufuatilia kifo cha kimeng'enya: mwongozo kamili wa kupima jinsi seli inavyovunja vimeng'enya vyake, kwa kutumia hamira

Mwulize mwanafunzi wa baiolojia kwa nini kimeng'enya fulani kimepungua ndani ya seli. Mara nyingi atakujibu papo hapo: jeni yake imezimwa. Jibu hilo ni nusu ya habari. Pipa lisilovuja, hata ukifunga bomba linaloliletea maji, litabaki limejaa vilevile. Ili maji yashuke, lazima koki ya chini iwe wazi. Seli ina koki za namna hiyo, huzifungua na kuzifunga kwa makusudi, na zinaweza kupimwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzipima kwa mikono yake mwenyewe.

Nitatumia kisa kimoja, maana vimeng'enya ni maelfu na kila kimoja kina njia yake ya kufa. Kiumbe chetu ni hamira, Saccharomyces cerevisiae, ileile ya mandazi na mkate. Kimeng'enya chetu ni fruktosi-1,6-bisifosfatesi, ambacho watu wa hamira hukiita Fbp1 kwa ufupi. Kisa hiki ninakipenda kwa sababu seli inakivunja mbele ya macho yako ndani ya saa moja, na unayetoa amri ni wewe, kwa kutia glukosi tu.

Kwa nini hamira ikivunje

Hamira iliyonyimwa sukari huishi kwa ethanoli au asetati. Lakini hata ikiishi hivyo, bado inahitaji sukari ya kujengea ukuta wake na mambo mengine, kwa hiyo huitengeneza yenyewe, ikipanda kinyumenyume ngazi ambayo kwa kawaida huishuka inapokula glukosi. Fbp1 hufanya kazi kwenye daraja moja la kupanda: huchukua fruktosi yenye fosfeti mbili na kuing'oa moja.

Sasa glukosi inaingia. Kwenye daraja hilohilo, kimeng'enya kingine, fosfofruktokinesi, kinaanza kubandika ile fosfeti kwa gharama ya ATP, sarafu ya nishati ya seli. Vikiachwa vyote viwili vifanye kazi pamoja, kimoja kinabandika, kingine kinabandua, na ATP inateketea bure, kama mtu anayechota maji kisimani huku mwenzake akiyamwaga humohumo. Seli haikubali hasara hiyo. Inafanya mambo matatu. Ndani ya dakika chache inakibandika Fbp1 fosfeti na kukipunguzia nguvu. Inafunga jeni yake, na nakala za ujumbe wa jeni hiyo zinaharibiwa haraka. Kisha inakivunja kimeng'enya chenyewe, kikipungua kwa nusu kila dakika 20 hadi 30 hivi.

Mambo hayo matatu yanaenda kwa wakati mmoja, na kipimo kisichoyatenganisha hakikwambii kitu. Kazi nzima iliyo hapa chini ni ya kuyatenganisha.

Ya kujua kabla hujashika pipeti

Mwaka 1953 Melvin Simpson alionyesha kwamba vipande vya ini haviwezi kuvunja protini zao bila nishati. Jambo hilo lilishangaza. Tumboni mwako nyama humeng'enywa bila ATP hata moja, kwa nini basi seli ilipe ili kubomoa? Jibu lilipatikana miaka ya 1970 na 1980 kwa kazi ya Avram Hershko na Aaron Ciechanover wa chuo kikuu cha Technion, Haifa, Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Philadelphia, waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Kwa sehemu kubwa, gharama ile inalipia kuchagua. Protini inayotakiwa kufa huwekwa alama kwanza, na alama yenyewe ni protini ndogo ya asidi amino 76, ubikwitini.

Uwekaji alama unapita mikono mitatu. Kimeng'enya cha kwanza, E1, huamsha ubikwitini kwa kutumia ATP. Cha pili, E2, huibeba. Cha tatu, E3, ndicho kinachomtambua mlengwa na kuhakikisha alama inabandikwa juu yake. E3 ndizo zenye jicho, na ndiyo maana binadamu ana E1 mbili tu, E2 makumi kadhaa, lakini E3 zaidi ya 600. Ubikwitini hupachikwa juu ya nyingine hadi kuwa mnyororo, na mnyororo huo hupelekwa kwenye proteasomu: pipa la pete nne, kila pete ikiwa na vipande saba, lenye visu upande wa ndani na vifuniko mlangoni. Vifuniko hushika mnyororo, huikunjua protini na kuisukuma ndani. Ubikwitini zenyewe hunyofolewa kabla na kutumika tena.

Njia ya pili ni vakuoli, kifuko cha kumeng'enyea kilicho ndani ya seli, ambacho kwa wanyama ni lisosomu, iliyoelezwa na Christian de Duve mwaka 1955. Huko vitu hubebwa kwa mafungu na kumeng'enywa pamoja. Yoshinori Ohsumi alitumia hamira hiihii kuonyesha jinsi seli yenye njaa inavyojila yenyewe kwa njia hiyo, na akapewa Nobel mwaka 2016.

E3 ya Fbp1 inaitwa GID. Ni mkusanyiko wa protini kadhaa, na jicho lake ni protini moja iitwayo Gid4. Mwaka 2017 maabara ya Alexander Varshavsky huko California ilionyesha anachokitafuta Gid4: asidi amino ya prolini iliyo mwanzoni kabisa mwa protini. Fbp1 huanza na methionini kama protini nyingine, methionini hiyo huondolewa, na prolini hubaki wazi mbele. Kuna jambo la pili, muhimu zaidi kwa kazi yetu: Gid4 huwa hayupo wa kutosha hamira ikiwa kwenye ethanoli. Hutengenezwa glukosi inapofika. Shika hilo, tutalirudia.

Hatua ya 1: Andika swali, halafu andika njia tatu za kudanganyika

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya yote andika swali lako: je, Fbp1 inavunjwa baada ya glukosi, kwa kasi gani, na kwa njia ipi? Chini yake andika sababu tatu zinazoweza kukifanya kipimo chako kishuke. Kimeng'enya kimezimwa lakini bado kipo. Kimevunjwa. Au kimegawanywa tu, maana seli zimezaana na kile kilichokuwa cha mama mmoja sasa ni cha mama na binti. Kila hatua inayofuata inaondoa mojawapo ya hizo.

Hatua ya 2: Chagua hamira zako

Unahitaji hamira ya kawaida ya maabara, na ndugu zake watatu wanaolingana nayo kwa kila kitu isipokuwa jeni moja. Wa kwanza hana GID4. Wa pili hana PEP4, jeni inayohitajika ili visu vya vakuoli vifanye kazi. Wa tatu hana PDR5, ambayo ni pampu ya kutupa nje dawa. Huyu wa tatu ndiye utakayempa MG132, dawa inayoziba proteasomu. Ukimpa hamira ya kawaida dawa hiyo haitafanya kazi ya maana, kwa sababu inaingia kidogo na inatupwa nje. Nimeona watu wakihitimisha kwamba proteasomu haihusiki, kumbe dawa haikukaa ndani ya seli hata dakika moja.

Hamira ya dukani je? Kwa kujifunza mikono inafaa, na kwa shule isiyo na bajeti ni baraka. Ila hamira kavu ya papo kwa papo mara nyingi huwa imetiwa kiungo cha kuilinda, na mara nyingi ina nakala nyingi za kila jeni, kwa hiyo huwezi kuilinganisha na ndugu aliyeondolewa jeni. Ukiitumia, ichore kwanza kwenye sahani ya agari, uchukue koloni moja, uanzie hapo.

Hatua ya 3: Iishi kwa ethanoli hadi ikijaze kimeng'enya

Anza na chakula cha asilimia 1 ya dondoo la hamira, asilimia 2 ya peptoni na asilimia 2 ya glukosi. Otesha kwa nyuzi 30 za Selsiasi, mashine ikitikisa mizunguko kama 200 kwa dakika. Wingi wa seli ukifika 1 kwenye spektrofotomita kwa mwanga wa nanomita 600, zungusha seli kwenye sentrifuji, mwaga chakula, zioshe mara mbili kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, uzihamishie kwenye chakula kilekile ambacho badala ya glukosi kina asilimia 2 ya ethanoli. Ziache saa 16 hadi 19.

Kuosha huko si mapambo. Glukosi kidogo iliyobaki inatosha kuizuia seli isitengeneze Fbp1, na kesho yake utapima kifo cha kitu ambacho hakikuzaliwa. Jambo lingine ni hewa. Ethanoli haiwezi kutumika bila oksijeni, kwa hiyo usijaze chupa zaidi ya sehemu moja ya tano. Umeme ukikatika katikati ya usiku na mashine ikasimama, usijifanye hukuona. Anza upya.

Hatua ya 4: Panga meza kabla ya saa ya sifuri

Ukishatia glukosi hutakuwa na nafasi ya kutafuta kalamu. Weka alama vichupa vyote: dakika 0, 3, 10, 20, 30, 45, 60, 90 na 120, viwili viwili kwa kila muda. Seti moja ni ya kupima kazi ya kimeng'enya, nayo iwe na barafu iliyosagwa nusu. Seti ya pili ni ya kupima wingi wake, nayo iwe na asidi ya trikloroasetiki ya kutosha kufika asilimia 10 sampuli ikishaingia. Asidi hiyo husimamisha kila kitu palepale, na huunguza ngozi palepale pia. Vaa glavu na miwani.

Andaa bafa, yaani mchanganyiko unaoshikilia pH isibadilike, ya kupasulia seli ikiwa baridi, pH 7. Ndani yake kuwe na milimola 50 (yaani milimoli 50 kwa lita) za sodiamu floridi, ili fosfeti iliyobandikwa kwenye Fbp1 isiondolewe mkononi mwako, na milimola 1 ya PMSF, dawa ya kuzuia baadhi ya visu vya vakuoli. PMSF hufa ndani ya maji kwa muda mfupi, saa moja au mbili hivi, kwa hiyo itie dakika ya mwisho, si asubuhi unapokuja kazini.

Hatua ya 5: Tia glukosi, chota

Chukua mililita 95 za hamira yako. Chota sampuli ya sifuri. Tia glukosi ya asilimia 40 kwa kipimo cha sehemu moja kwa kumi na tisa, ili ibaki asilimia 2, na uanzishe saa ya kupimia. Rudisha chupa kwenye mashine mara moja. Kila muda ukifika, chota mililita 5 kwenye barafu na mililita 1 kwenye asidi.

Chota kwa ujazo uleule kila mara, usichote kwa idadi ya seli. Wanafunzi wengi hufundishwa kinyume chake, na hapa ndipo wengi hupotea. Seli zikizaana bila kuvunja kitu, kimeng'enya kilichomo ndani ya mililita 5 kinabaki kilekile. Kimesambaa tu kwenye seli nyingi zaidi. Ukipima kwa ujazo, mgawanyo wa kuzaana haukugusi. Ukipima kwa idadi ya seli au kwa miligramu ya protini, utauona kama kuvunjwa. Pima pia wingi wa seli kila mara na uandike, tutautumia kwenye hesabu.

Sasa kuhusu sikloheksimaidi. Kwa vimeng'enya vingi, njia ya kawaida ni kutia dawa hii, mikrogramu 100 kwa mililita, ili kusimamisha utengenezaji wa protini zote, kisha kutazama kilichopo kikipungua. Ndiyo kufunga bomba ili uone koki ya chini peke yake. Kwa Fbp1, ukiitia pamoja na glukosi, umemzuia Gid4 naye asizaliwe, na bila Gid4 hakuna wa kumtambua mlengwa. Umeua shahidi. Bahati nzuri glukosi yenyewe hufunga jeni ya Fbp1, kwa hiyo bomba linakaribia kujifunga bila dawa. Ukitaka kuwa na uhakika, weka chupa ya pili na utie sikloheksimaidi dakika 30 baada ya glukosi, Gid4 akiwa ameshatengenezwa, ulinganishe miteremko kuanzia hapo. Onyo hili linahusu kisa chochote ambacho mvunjaji ana maisha mafupi au huzaliwa kwa amri. Dawa hainyamazishi kimeng'enya chako peke yake.

Hatua ya 6: Pasua seli, na hakikisha huvunji wewe

Zungusha sampuli za barafu kwa nyuzi 4, mwaga maji, ongeza mikrolita 300 za bafa na shanga za kioo za milimita 0.5 hadi zikaribie usawa wa maji. Tikisa kwa nguvu sekunde 30, rudisha kwenye barafu sekunde 30, mara sita hadi nane. Tazama tone chini ya hadubini: seli iliyopasuka huonekana kama kivuli cha kijivu, isiyopasuka hung'aa. Zungusha tena dakika 10 kwa kasi kubwa na uchukue majimaji ya juu.

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilipata kwamba Fbp1 inapungua kwa nusu kila dakika nane. Nilifurahi siku mbili. Kumbe sentrifuji ilikuwa na foleni, na sampuli zangu zilizopasuliwa zilikaa mezani zikingoja. Ukiipasua seli unapasua na vakuoli, visu vyake vinamwagika, na vinakula kila kitu ndani ya kichupa. Sampuli za mwisho ndizo zilizongoja zaidi, kwa hiyo mteremko ulionekana mkali.

Tangu siku hiyo sikubali matokeo ya mtu bila jaribio la kuchanganya. Chukua majimaji ya dakika 0 na ya dakika 60, yachanganye nusu kwa nusu, yaache kwenye barafu muda uleule ambao sampuli zako hungoja, kisha pima. Jibu linatakiwa liwe wastani wa yale mawili. Likiwa chini ya wastani, majimaji ya dakika 60 yana kitu kinachoharibu kimeng'enya ndani ya kichupa, na hapo unapima uharibifu wako mwenyewe. Jaribio hilo linachukua dakika chache tu.

Hatua ya 7: Pima kazi ya kimeng'enya

Fbp1 hutoa fruktosi-6-fosfeti, ambayo haionekani. Tunaiunganisha na vimeng'enya viwili vya kununua: kimoja hugeuza fruktosi-6-fosfeti kuwa glukosi-6-fosfeti, kingine huioksidisha na kuzalisha NADPH, ambayo hufyonza mwanga wa nanomita 340. Kwenye kikombe cha mililita 1 weka bafa ya pH 7.2, magnesi kloridi milimola 10, NADP milimola 0.3, uniti moja au mbili za kila kimeng'enya cha kununua, na mikrolita 50 za majimaji yako. Ngoja mstari utulie. Kisha tia fruktosi-1,6-bisifosfeti hadi milimola 1 na usome dakika tano.

Tuseme mstari unapanda 0.031 kwa dakika baada ya kutoa kile cha kabla ya kutia fruktosi. Gawa kwa 6.22, ambacho ni kipimo cha NADPH kwa milimola moja na sentimita moja ya kikombe: unapata milimola 0.005 kwa dakika, yaani nanomoli 5 kwa dakika ndani ya kikombe. Kama mikrolita 50 zako zilikuwa na miligramu 0.1 ya protini, kazi ni nanomoli 50 kwa dakika kwa kila miligramu. Kwa hesabu ya ujazo, rudisha kwenye mililita 5 ulizochota. Angalia pia kwamba majimaji ya hamira yana kimeng'enya kinachoendelea kuioksidisha zao la mwisho na kutoa NADPH ya pili, kwa hiyo namba yako inaweza kukuzwa hadi mara mbili. Kwa kuwa tunalinganisha muda na muda, si tatizo, mradi hali iwe ileile kwa sampuli zote.

Hatua ya 8: Pima wingi wake

Sampuli za asidi zioshe kwa asetoni baridi, zichemshe kwenye bafa ya jeli, zitenganishe, zihamishie kwenye utando, na mtafute Fbp1 kwa kingamwili. Mstari wake unakaa karibu na kilodaltoni 38 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini). Tafuta pia protini isiyobadilika, Pgk1 ni chaguo zuri, ili ujue umeweka kiasi gani.

Kama huna kingamwili ya Fbp1 yenyewe, unaweza kuunganisha kibandiko, kipande kifupi cha protini inayojulikana, kwenye jeni na kutumia kingamwili ya kibandiko. Kiweke mwishoni mwa protini. Usikiweke mwanzoni kwa hali yoyote: prolini ikifunikwa, Gid4 haioni, na utakuwa na Fbp1 isiyokufa kamwe.

Kisha weka grafu mbili juu ya karatasi moja, ya kazi na ya wingi. Katika hamira ya kawaida utaona kazi ikiporomoka ndani ya dakika tatu hadi kumi huku wingi ukiwa karibu uleule. Pengo hilo ndilo kuzimwa kwa fosfeti. Baadaye wingi nao unashuka, na huko ndiko kuvunjwa. Mimi hilo pengo la mwanzo bado linanifurahisha kila ninapoliona: seli inafunga duka kwanza, ndipo inalibomoa.

Hatua ya 9: Hesabu nusu-uhai

Tumia namba za wingi, si za kazi. Tuseme kwa ujazo uleule umepata 100 mwanzoni, 63 dakika ya 20, 40 dakika ya 40, na 25 dakika ya 60. Chukua logi asilia za namba hizo, zichore dhidi ya muda, na utafute mteremko. Kutoka 100 hadi 25 logi inashuka 1.386 kwa dakika 60, yaani 0.0231 kwa dakika. Nusu-uhai, yaani muda wa wingi kushuka hadi nusu, ni 0.693 ukigawa kwa 0.0231: dakika 30.

Kama hamira yako inaongezeka maradufu kila dakika 120, kasi ya kugawanywa ni 0.693 kwa 120, karibu 0.0058. Mtu aliyepima kwa idadi ya seli angejumlisha bila kujua, 0.0231 na 0.0058, akapata nusu-uhai ya dakika 24. Tofauti hapa ni ndogo. Lakini kwa kimeng'enya kinachovunjwa polepole, chenye nusu-uhai ya saa sita, mgawanyo ungemeza sehemu kubwa na jibu lake lingekuwa hasa kasi ya kuzaana.

Chora pointi zote. Mstari usiponyooka mwanzoni, usiulazimishe. Kuchelewa kwa dakika kadhaa kuna maana: Gid4 bado anatengenezwa.

Hatua ya 10: Nani amevunja?

Rudia hatua za 3 hadi 8 kwa wale ndugu watatu. Asiye na GID4 atakuonyesha kazi ikishuka mwanzoni, maana fosfeti inabandikwa kama kawaida, lakini wingi utabaki juu. Asiye na PEP4, akiwa amekaa kwenye ethanoli usiku mmoja tu, atavunja karibu kama kawaida, ishara kwamba vakuoli si njia kuu hapa. Asiye na PDR5 aliyepewa MG132 mikromola 50 kabla ya glukosi atachelewa kuvunja. Mwenzake wa kulinganisha apewe kimiminika kilekile kilichoyeyusha dawa, bila dawa.

Nasema usiku mmoja kwa sababu maalumu. Kwa miaka mingi maabara zilibishana, nyingine zikisema Fbp1 inakwenda vakuoli, nyingine zikisema inakwenda proteasomu. Kazi za baadaye kutoka upande wa vakuoli zilionyesha kwamba hamira iliyokaa na njaa siku tatu inaweza kutumia vakuoli. Muda wa njaa ni sehemu ya jaribio, uandike kwa saa.

Kuona alama yenyewe ya ubikwitini, ongeza N-ethilimaleimaidi kwenye bafa, maana seli ina vimeng'enya vya kunyofoa ubikwitini na havilali. Juu ya mstari wa kilodaltoni 38 utaona ngazi ya mistari hafifu.

Jaribio la mwisho ni la kurudisha nyuma. Dakika 5 baada ya glukosi, osha nusu ya seli na uzirudishe kwenye ethanoli pamoja na sikloheksimaidi. Kazi ikirudi bila protini mpya kutengenezwa, kimeng'enya kilikuwa kimezimwa tu. Fanya hivyohivyo dakika ya 90: haitarudi, kwa sababu kilichoondoka kimeondoka.

Ukihamia kwenye kimeng'enya kingine

Utaratibu ni uleule, swali ndilo hubadilika. Mwaka 1965 Robert Schimke na wenzake walipima kimeng'enya cha ini la panya kinachovunja asidi amino ya triptofani. Homoni ya hidrokotisoni ilikiongeza kwa kuongeza utengenezaji, na triptofani ilikiongeza kwa kuzuia kisivunjwe: pipa lilelile, mikono miwili tofauti. Ornithini dekaboksilesi ina nusu-uhai ya dakika 10 hadi 20 tu kwenye ini la panya, na inaingia kwenye proteasomu bila ubikwitini, ikisindikizwa na protini iitwayo antizaimu. Huyo ukimtafutia ngazi ya ubikwitini utapoteza mwezi. Kimeng'enya cha kutengeneza kolesteroli, kinachozuiwa na dawa za statini, huvunjwa haraka kolesteroli ikijaa na polepole ikipungua. Ndiyo maana seli zilizopewa statini hulimbikiza kimeng'enya hichohicho dawa inachokizuia.

Kanuni moja ya kukusaidia kukisia: kiwango kinapobadilika, muda wa kufika kiwango kipya unategemea kasi ya kupungua (kuvunjwa, pamoja na kugawanywa seli zikizaana), si kasi ya kutengenezwa. Chenye nusu-uhai ya dakika 15 hutulia ndani ya saa moja na kitu. Chenye nusu-uhai ya siku nne hungoja wiki mbili na zaidi. Panga muda wa kuchota sampuli kwa hesabu hiyo.

Ukimaliza, kusanya mabaki yenye sikloheksimaidi na MG132 kwenye chupa yake yenye lebo, usiyamwage kwenye sinki. Sikloheksimaidi ni sumu kwetu kama ilivyo kwa hamira. Asidi ya trikloroasetiki nayo iwekwe chombo chake. Seli zilizobaki ziue kwa joto kabla ya kuzitupa, na sampuli za asidi ambazo hujazipima zihifadhi kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, tarehe na saa za njaa zikiwa zimeandikwa juu ya kichupa.